Kinga ya mwili: anza na kitanda na sahani kabla hujakimbilia vidonge

Kila mafua yanapoanza kuzunguka naulizwa swali lile lile na ndugu na marafiki, "nitumie nini nipandishe kinga?", na ukimsikiliza mtu vizuri unaona kichwani ana picha ya kidonge flani au juisi flani, anywe leo kesho awe fiti. Simlaumu, mana nami nilikuwa hivo hivo. Kuna kipindi nilikuwa nalala masaa matano kwa usiku, mchana nakula chochote kinachotuliza njaa, alafu juu ya meza nina makopo manne ya vitamini, na bado kila baada ya wiki chache ni mafua, koo linawasha, vidonda mdomoni. Nikaongeza kopo la tano. Aliyenitoa huko ni nesi mmoja, hata kunipima alikuwa hajanipima, akaniuliza tu "unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na leo umekula nini?" Nikamjibu ukweli. Akaniambia rekebisha hayo matatu kwanza alafu tutaongea habari za makopo.

Naandika hapa kwa mpangilio ule ule ambao mimi naona unasaidia zaidi, yaani kinachobeba uzito mkubwa kinakuja mwanzo, sio kile kinachouzika zaidi.

Kwanza uelewe kinga ni nini

Kinga sio kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja useme utakijaza mafuta kama gari. Ngozi yako ni kinga. Ute wa puani ni kinga, tindikali ya tumboni ni kinga, hata machozi ni kinga mana yana kemikali inayovunja bakteria. Adui akivuka hapo anakutana na chembe nyeupe za damu, ambazo nyingi zinatengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa, kuna zinazovamia kitu chochote kigeni papo hapo bila kuuliza na kuna zingine zinachukua siku kadhaa zinamsoma adui alafu zinatengeneza kingamwili za kumlenga yeye peke yake, na vita ikiisha baadhi zinabaki na kumbukumbu ili siku akirudi zisianze upya. Ile homa unayoisikia, yale matezi ya shingoni yanayovimba ukiumwa koo, ni dalili kwamba kazi inafanyika.

Sasa swali la kujiuliza, kweli unataka kinga "ipande"? Mana aleji ni nini kama sio kinga inayopigana na vumbi au chavua ambayo haikuwa na shida na mtu? Ugonjwa wa lupasi ni kinga inayoshambulia mwili wenyewe. Kisukari cha aina ya kwanza kinatokea kinga ikiharibu zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa hiyo kinga yenye nguvu kupita kiasi ni ugonjwa, tena mgumu. Tunachotaka sisi ni kinga isiyopungukiwa kitu. Na hapa ndo pa kushika, mana itakuokolea hela na muda: mwili uliokosa kitu ukiupa hicho kitu unabadilika sana, lakini mwili ambao tayari unacho ukiuongezea ni kama kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa, yanamwagika tu, na mengine yanaharibu sakafu.

Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta wapi umepungukiwa. Watu wengi ninaowajua wamepungukiwa usingizi kabla ya kitu kingine chochote.

Usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 kwa usiku. Sio 5 ya wiki nzima alafu unalipia jumapili. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kazi moja ambayo mimi ikinijia kichwani usiku nafunga simu: walichukua watu 164 wenye afya njema, wakawapima usingizi wao kwa wiki nzima kwa kifaa cha kuvaa mkononi, alafu wakawadondoshea virusi vya mafua puani na kuwaweka pamoja kuona nani ataugua. Waliokuwa wanalala chini ya masaa 6 walikuwa na hatari zaidi ya mara 4 ya kupata mafua kuliko waliolala zaidi ya masaa 7. Virusi ni vile vile na vimepita pua ile ile, kilichowatofautisha zaidi ni kitanda. Na tafiti zingine zimeonyesha watu waliochanjwa wakati hawajalala vizuri wanatengeneza kingamwili chache kuliko waliolala, yaani hata chanjo inapungukiwa nguvu.

Namna ya kufanya. Anza na saa ya kuamka, sio ya kulala. Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote hata za mapumziko, baada ya wiki kama mbili hivi mwili wenyewe utaanza kudai kitanda kwa wakati. Asubuhi toka nje upate mwanga wa jua, hata dakika 10, mana mwanga wa asubuhi ndo unaoseti saa ya mwili. Kahawa na chai ya rangi iishe mchana mapema, kafeini inachukua kama masaa 5 hivi kupungua nusu tu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni nusu yake bado iko kwenye damu saa nne usiku. Simu ilale mbali na mkono wako, sio chini ya mto. Chumba kiwe giza na kiwe na hewa. Pombe inakuwahisha kusinzia lakini inakukatakata usingizi wa usiku wa manane, sio msaada hata kidogo.

Kama unafanya kazi za zamu za usiku najua haya yote ni magumu, ila jitahidi giza la kweli mchana, pazia zito au kitambaa cha macho, na uombe wa nyumbani waheshimu yale masaa kama wanavyoheshimu ya usiku. Mwenye mtoto mchanga naye, hapo hakuna ujanja zaidi ya kupokezana, na mtu akikwambia "lala nikushikie mtoto" usianze kufua, lala. Alafu kuna kitu watu wanakipuuza: kama unakoroma sana na kuna mtu amewahi kukuona unakata pumzi usingizini, na mchana unasinzia hata ukilala masaa 8, hiyo ni ya kumpelekea daktari, hutaimaliza kwa kulala mapema.

Sahani

Hapa nitakaa sana mana ndo penye maneno mengi mtaani na mengi hayana miguu.

Anza na protini. Nashangaa kila mtu anaongelea ndimu na tangawizi hakuna anayeongelea maharage. Kingamwili zenyewe ni protini. Mwili usiokuwa na protini ya kutosha unatengeneza askari wachache, ndo mana mtoto mwenye utapiamlo anaugua kila kitu kinachopita. Kipimo cha chini kabisa kwa mtu mzima ni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 60 ni kama gramu 48 kwa siku, na wazee wanahitaji zaidi kidogo ya hapo. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage au dengu zilizopikwa ni gramu 15 mpaka 18. Kwa hiyo hauhitaji nyama kila siku, unahitaji tu kila mlo uwe na kitu: yai, samaki, kuku, maziwa, maharage, kunde, karanga. Ukiangalia sahani yako ukaona ni wanga na mchuzi tu, hapo umeshapata kazi ya kwanza.

Alafu rangi. Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ambayo ni kama vipimo vitano vya kujaa kiganja. Wengi hatufiki hata nusu. Mimi nilichofanya sikuhesabu gramu, nilijiwekea kwamba mboga inachukua nusu ya sahani na tunda moja linaliwa kabla ya saa sita mchana, basi. Ikishakuwa mazoea ndo unaanza kubadilisha rangi, mana rangi tofauti zina vitu tofauti. Vya njano na chungwa, karoti, viazi vitamu vya rangi, maboga, maembe, na mboga za majani ya kijani iliyokolea, vina kile ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, nayo ndo inalinda kuta za ndani, za macho, za njia ya hewa, za utumbo. Huko nyuma, miaka ya 1920, watafiti waliiita kabisa vitamini ya kuzuia maambukizi. Na mwaka 1986 daktari Alfred Sommer na wenzake walitoa matokeo ya Indonesia, kwenye vijiji ambavyo watoto walipewa vitamini A vifo vilipungua kama theluthi moja. Theluthi moja ya vifo vya watoto! Lakini angalia, wale watoto walikuwa wamepungukiwa. Ile habari ya ndoo.

Vitamini A ya mboga inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini, kwa hiyo karoti au mboga za majani zipate kijiko cha mafuta, au karanga, au parachichi pembeni. Maini yana vitamini A nyingi mno, mjamzito asiyale ovyo wala asimeze vidonge vya vitamini A bila kuambiwa na daktari, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Vitamini C. Linus Pauling, mkemia wa Marekani, mtu wa Nobel mbili, ya kemia ya 1954 na ya amani ya 1962, ndo aliyeipa hii vitamini jina kubwa, mwaka 1970 aliwaambia watu wameze kwa wingi kila siku na mafua yatawakimbia. Alikuwa mtu mwenye akili kubwa na dunia ikamwamini. Baadae tafiti nyingi zikafanywa, zikakusanywa zikaangaliwa kwa pamoja, na jibu likawa la kawaida sana: kwa mtu wa kawaida kumeza kila siku hakupunguzi idadi ya mafua, kunafupisha tu muda kwa kama asilimia 8 kwa watu wazima, yaani mafua ya wiki moja yanapungua kama nusu siku. Na ukianza kumeza baada ya kuanza kupiga chafya haijaonekana kusaidia kwa uhakika. Waliofaidika kweli ni watu wenye kazi nzito kupita kiasi, wakimbiaji wa marathoni na askari kwenye baridi kali, hao ilipunguza idadi ya mafua kama nusu.

Na hitaji lenyewe ni dogo, miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanaume kwa siku, mvuta sigara aongeze 35. Chungwa moja la wastani lina kama 70. Pera linapita hapo kwa mbali, gramu 100 tu zina zaidi ya 200. Pilipili hoho, papai, nyanya, zote zinachangia. Ila vitamini C inaharibika na moto na inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo zile mboga unazochemsha nusu saa alafu maji unayamwaga, umemwaga mbegu umebaki na maganda. Pika kwa maji kidogo, muda mfupi, mfuniko juu, na maji yaliyobaki yatumie kwenye mchuzi.

Zinki ndo madini ambayo chembe za kinga zinayahitaji sana. Yako kwenye nyama, kaa na wanyama wengine wa baharini wenye magamba, mayai, na kwa wasiokula nyama yako kwenye maharage, dengu, korosho, mbegu za maboga. Tatizo la maharage na nafaka nzima zina kitu kinachoshika zinki isipenye vizuri, na dawa yake ni ya jikoni tu: loweka usiku mzima mwaga yale maji, au otesha, au chachusha. Hiyo ya kuloweka pia inapunguza gesi, faida mbili.

Madini chuma pia, mana upungufu wa damu unachosha mwili wote. Mboga za majani na maharage yana chuma, ila chuma chake ni kigumu kuingia, ukikamulia ndimu au ukila na nyanya au chungwa kinaingia zaidi. Chai na kahawa zinakizuia, kwa hiyo zisubiri lisaa limoja baada ya kula. Vidonge vya chuma usianze mwenyewe bila kupima damu.

Vitamini D ni ya peke yake kwa sababu chakula kina kidogo sana, samaki wa mafuta, kiini cha yai, uyoga ulioanikwa juani. Nyingi inatengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, na hapa kuna kosa la watu wa ofisini: kukaa karibu na dirisha la kioo hakuhesabiki, kioo kinazuia miale inayofanya hiyo kazi. Toka nje mikono na uso vionekane, mara kadhaa kwa wiki, bila kujiunguza. Mwenye ngozi nyeusi anahitaji muda mrefu zaidi kuliko mwenye ngozi nyeupe. Kama hutoki kabisa, au unajifunika mwili wote, au umri umeenda, hapo kipimo cha damu kina maana, na kidonge kidogo cha kila siku kinaweza kukufaa. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha waliofaidika zaidi dhidi ya maambukizi ya njia ya hewa ni wale waliokuwa wamepungukiwa sana, na ilisaidia kwa dozi ndogo za kila siku au kila wiki, sio lile dozi moja kubwa la kushtukiza.

Utumbo

Sehemu kubwa ya chembe za kinga ziko kwenye kuta za utumbo, na inaeleweka, mana huko ndo kunaingia vitu vya nje kila siku. Pale pale wanaishi bakteria matrilioni ambao wengi ni rafiki, na hawa bakteria wanakula nyuzinyuzi, vile visivyosagika vya mboga, matunda na ganda lake, maharage, nafaka isiyokobolewa. Wakizila wanatoa kemikali zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga isiwake ovyo. Ukila vyakula laini tu vilivyokobolewa na sukari unawashindisha njaa. Lenga gramu 25 hivi kwa siku au zaidi, lakini panda taratibu na kunywa maji, ukiruka ghafla tumbo litajaa gesi utaacha.

Na vyakula vilivyochachuka: mtindi wenye bakteria hai, maziwa mgando, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa jaribio la watu 36 kwa wiki 10, waliokula vyakula vya kuchachuka kwa wingi bakteria wao wa tumboni waliongezeka aina, na viashiria 19 vya uvimbe kwenye damu (sio jipu wala tezi, ni ule moto wa ndani unaowashwa na kinga) vikapungua. Ni watu wachache, usiifanye dini, ila kikombe cha mtindi usio na sukari kwa siku ni kitu chepesi mno kukosa kujaribu.

Sukari nayo tuiseme. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu unayokula, ikiwezekana chini ya 5, ambayo ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku. Chupa moja ya soda inaweza kumaliza zote hizo na kupita. Kisukari kikiwa hakijadhibitiwa chembe za kinga zinafanya kazi vibaya, vidonda haviponi, maambukizi yanarudi rudi. Ukipunguza kitu kimoja tu mwezi huu anza na vinywaji vya sukari.

Makopo na vidonge

Sio kwamba havina kazi. Vina kazi pale palipo na pengo lililopimwa au linalojulikana: mjamzito na folik asidi na chuma, asiyekula chochote cha mnyama na vitamini B12, asiyepata jua na D, watoto wa miezi 6 mpaka 59 wanaopewa matone ya vitamini A kila miezi 6 sehemu zenye upungufu. Nje ya hapo vingi vinavyozidi unavikojoa tu, yaani unalipia mkojo wa rangi kali. Na mengine yanadhuru, hili watu hawaambiwi dukani. Vitamini C ikipita miligramu 2,000 kwa siku inaharisha, na kwa wengine inachangia mawe kwenye figo. Zinki ikipita miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu inazuia madini ya shaba kuingia na inashusha hiyo hiyo kinga uliyotaka kuipandisha. Soma nyuma ya kopo, jumlisha, mana ukimeza makopo matatu tofauti unaweza kukuta yote yana zinki.

Kitunguu saumu, tangawizi, asali, ndimu, mimi navitumia na navipenda, asali inatuliza kikohozi kweli, maji moto ya tangawizi yanafariji koo. Tumia kama chakula na kama kitulizo. Usimpe asali mtoto chini ya mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa mbaya wa kupooza. Na kama unatumia dawa za kila siku, za presha, za kuzuia damu kuganda, ARV, mwambie daktari au mfamasia kila mzizi na kila unga unaokunywa, kuna mitishamba inayopunguza nguvu ya dawa. Kwa anayeishi na VVU nasema hili kwa upendo kabisa: ARV ndo kinga yako, chakula kizuri kinaisaidia, hakuna unga wala juisi inayochukua nafasi yake hata siku moja.

Mwili utembee

Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, ni kama nusu saa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, ile ya unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kila unapotembea chembe za kinga zinazunguka zaidi kwenye damu, na kwa muda mrefu uvimbe wa ndani unashuka, uzito unashuka, usingizi unakuja wenyewe. Ukiwa na homa pumzika, mazoezi yatakusubiri.

Stresi ya siku moja haina shida, ya miezi ndo inabana, ile homoni ya kotisoli ikikaa juu muda wote inazima sehemu ya kinga. Siwezi kukwambia usiwe na mawazo, una kodi na una familia. Ila uwe na mtu mmoja wa kumwambia ukweli, na uwe na muda kidogo wa siku ambao hakuna anayekudai kitu. Mtu mpweke anaugua zaidi, mtembelee na wewe.

Sigara inapooza vile vinywele vidogo kwenye njia ya hewa vinavyofagia uchafu kutoka nje, ndo mana mvutaji anakohoa asubuhi. Hakuna tunda linalofidia. Pombe nyingi inadhoofisha mapafu na ini na chembe zenyewe.

Usiipe kinga kazi isiyo ya lazima

Kunawa mikono kwa sabuni sekunde 20, kabla ya kula na baada ya choo na ukitoka kwenye umati. Madirisha yafunguliwe, virusi vingi vya njia ya hewa vinakaa kwenye hewa iliyofungiwa. Na chanjo. Chanjo ni kumfundisha askari sura ya adui bila kumpeleka vitani, Edward Jenner alianza na ndui mwaka 1796 na mwaka 1980 ndui ikatangazwa imekwisha duniani kote. Surua wengi wanaidharau, lakini tafiti za 2019 zilionyesha inafuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga, mtoto akipona surua anakuwa amesahau kupigana na magonjwa mengine aliyokwishayashinda. Kwa hiyo fungua kadi ya mtoto uangalie kama kuna chanjo iliyorukwa, na watu wazima nao waulize zao. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, yana kingamwili za mama ndani yake.

Na mzazi usipaniki, watoto wadogo kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni kawaida, ndo wanajifunza. Mafua ni virusi, antibiotiki haziyagusi, ukimpa bila sababu unaua wale bakteria rafiki wa tumboni.

Lini uache kusoma uende hospitali

Nimonia mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Utando mweupe mdomoni unaorudi rudi kwa mtu mzima. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku la kulowesha shuka, kupungua uzito bila kujaribu. Mitoki inayokua na haiumi na haiondoki. Vidonda visivyopona. Kuharisha kwa wiki nyingi. Hapo usiongeze mboga ukasubiri, nenda, omba wakupime damu, sukari, VVU na kifua kikuu. Kabla hujatoka nyumbani andika kwenye karatasi umeugua nini na lini miezi 12 iliyopita, na yale makopo yote uliyonayo yatie kwenye mfuko ubebe uende nayo, umwekee daktari mezani ayaone.